Mpira Mbele ya Ukuta Mweupe

Enzi zetu mtoto hakuambiwa pole kwa kuponyokwa na mpira. Aliuokota, akaurudisha, mchezo ukaendelea, na hukumu ikamsubiri nyumbani. Nawaandikia wenzangu mliokulia kwenye nyumba ambazo redio iliwekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kudarizi, kwa sababu vijana wa leo nikiwaeleza hudhani natia chumvi.

Kwetu ni Tanga, Ngamiani. Mitaa mingine ilicheza chandimu, kandanda ya uchochoroni, na sisi tuliicheza, lakini mtaa wetu ulikuwa na ugonjwa wake peke yake: kriketi. Aliyetuambukiza ni Baba. Alikuwa mtunza kiwanja cha klabu ya Wahindi. Alifyeka nyasi, akachora mstari wa mpaka kwa chokaa, akatandika katikati ule mkeka mnene wa usumba ambao mpira ulidundia. Akirudi jioni alinuka majani mabichi na mafuta ya mashine, na mifukoni mwake mara nyingi mlikuwa na mpira wa tenisi uliotupwa na watoto wa klabu, manyoya yameisha, rangi imekuwa ya majivu. Huo ndio uliokuwa mpira wetu. Gongo tulilichonga kutoka kwenye shina la kuti la mnazi, pale linapotanuka. Wiketi, shabaha ya mrushaji, ilikuwa debe la mafuta ya taa: likilia, umetoka, na hapakuwa na ubishi, maana mtaa mzima umelisikia.

Timu yetu ilikuwa West Indies, ya visiwa vya Karibi. Hatukuwa tumeiona hata kwa picha, tuliisikia tu kwenye redio, ndani ya mkoromo wa mawimbi, ikitangazwa kwa Kiingereza tusichokielewa. Baba naye alikuwa na Kiingereza cha kiwanjani, hakikuvuka mpaka ule wa chokaa, lakini kwa kriketi kilimtosha. Alitutafsiria huku sikio lake limegusa redio. "Hao ni weusi kama sisi," alituambia. "Watu wa visiwani. Na wao huanza na makuti ya minazi, msidhani." Kwetu hilo lilitosha kuwa undugu.

Lakini ndugu zetu wale walikuwa na siku zao mbaya. Mtu akipiga mpira ukapaa, na mmoja wao akaudaka kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka. Akiudondosha, mpigaji amepona, na aliyepona huendelea kupiga na kujaza rani, yaani pointi, mpaka jua lizame. Ndivyo walivyopoteza mechi walizokwisha kuzishika. Baba alikuwa akitamka neno moja, taratibu, kama mtu anayepokea habari ya msiba: "Kadondosha." Kisha anazima redio, anatoka barazani, na hasemi tena mpaka baada ya sala ya isha.

"Msimsemeze baba yenu," Mama alituonya, akitugawia mihogo ya nazi. "Kuna mtu kadondosha mpira huko ughaibuni."

Tukala kimya, sisi watoto wa Ngamiani, kwa kosa la mtu tusiyemjua, ng'ambo ya bahari mbili. Leo naweza kucheka. Wakati ule hatukuona cha kuchekesha. Tulijifunza kwamba kimya cha Baba kina maana moja tu.

Kaka yangu Mbwana ndiye aliyekuwa na mikono. Mimi nilikuwa na macho na maswali, mikono sikujaliwa. Baada ya alasiri Baba alitupanga uani akaturushia ndimu, moja kwake, moja kwangu, zikitoka juu, chini, ubavuni. "Usiudake," alisema. "Upokee. Kama unavyopokea kitoto kichanga kutoka kwa mama yake." Maana yake ni kwamba kitu kikifika, mikono irudi nacho kifuani, isikigonge. Ndimu zangu zilipasuka ukutani na kunukisha ua mzima. Za Kaka Mbwana hazikutoa hata sauti. Mama akiwa jikoni aliweza kumrushia kijiko, kifuu, hata yai siku ya furaha, naye akapokea bila kugeuza shingo. Baba alikuwa akimtazama na kunyamaza pia, lakini hicho kilikuwa kimya kingine. Ilikuwa lazima uwe mtoto wake ili ukitofautishe.

Sasa Baba akaomba jambo klabuni. Aliomba watoto wa mtaani kwetu waruhusiwe kucheza kiwanjani Jumapili asubuhi, wakati hakitumiki. Wakubwa wa klabu hawakukataa, ila waliweka sharti: tucheze na vijana wao. Tukishinda, asubuhi za Jumapili ni zetu. Tukishindwa, tubaki na uchochoro wetu. Sitaki kuwasema vibaya. Walikubali tutumie mpira wetu wa majivu, kwa kuwa hatukuwa na vikinga miguu vya kuzuia mpira mgumu, na siku yenyewe walitupa sharubati ya baridi, yenye vipande vya barafu, kitu ambacho baadhi yetu tulikuwa hatujawahi kukitia mdomoni.

Wiki ile Baba alifanya kazi kama anayemwoza binti yake. Alivuta jiwe la kusawazishia mpaka mkeka ukalala kama meza. Alikata nyasi akarudia. Mwisho, bila kuagizwa na mtu, alichanganya chokaa akaupaka ukuta mrefu wa upande wa mashariki, ule uliokuwa na kuvu tangu tuzaliwe. Ukawaka. "Kiwanja kinapokea wageni," aliwaambia wa klabu. Sisi tulijua wageni ni akina nani, tukaona fahari.

Mechi tuliikaribia kuishinda. Jioni ilipofika, mpigaji wao wa mwisho alikuwa amebaki, na walihitaji rani chache. Akainua mpira. Haukwenda mbali, ulikwenda juu, ukaelea, ukaanza kushuka upande wa Kaka Mbwana. Sote tulipumua. Rafiki yangu mmoja alikwisha kurusha kofia. Ungechagua mtu wa kusimama chini ya mpira ule katika Tanga nzima, ungemchagua yeye. Mikono ikaja kifuani vilevile kama kwa ndimu, mpira ukaingia, kisha ukaonekana chini, kwenye nyasi, unaviringika polepole.

Mpira uliofuata mpigaji aliupiga ukavuka mstari wa chokaa, rani nne kwa mpigo, wakatushinda. Ikawa basi.

Baba alikuwa amesimama kando ya ukuta wake. Hakuja. Tuliporudi nyumbani alitembea nyuma yetu, ndoo ya chokaa mkononi. Barazani alikaa kimya, ikapita isha, akanyamaza, ikapita alfajiri, akanyamaza. Alizungumza kuhusu mkate, kuhusu shule, kuhusu paa linalovuja. Kuhusu mpira ule hakutamka neno, wala siku ile, wala mwaka ule, na ndimu hazikurushwa tena uani. Mtaani watoto walimwimbia kaka yangu, "Mbwana mikono ya samli!" Alinipa gongo lake, na mimi sikuwa na matumizi nalo. Mama akaligeuza komeo la mlango wa uani.

Alipokuwa mtu mzima Kaka Mbwana alisafiri kuja huku Afrika Kusini, na baada ya muda nikamfuata. Anatengeneza makochi kwenye karakana moja Jeppestown, akirudi ana nyuzi za gunia kwenye nywele. Mimi nina kibanda cha kuchonga funguo Jules Street, na kati ya mteja na mteja ninasoma chochote chenye maandishi. Kaka anakaa Malvern na mkewe na mwanawe Jumaa, aliyezaliwa hapa hapa Johannesburg. Jumaa anaelewa Kiswahili chote unachomwambia, na anakujibu kwa Kizulu.

Baba alifariki mwaka juzi. Kaka Mbwana hakuweza kwenda. Karatasi zake zilikuwa hazijatoka, angevuka mpaka asingeruhusiwa kurudi kwa mkewe na mtoto. Nilikwenda mimi, nikafika kwa arobaini. Siku moja baada ya watu kutawanyika, Mama alikuwa akipeta mchele uani, akasema bila kuinua uso, "Baba yenu kafa na ule ukuta."

"Ukuta gani, Mama?"

"Ule aliopaka chokaa. Alisema mpira wa majivu mbele ya ukuta mweupe mtoto angeuonaje. Alisema, 'Nimempofusha mwanangu kwa mikono yangu.' Kila walipopaka ukuta ule upya alirudi hapa akakataa chakula."

Nikamuuliza mbona hakumwambia Mbwana. Mama aliacha kupeta akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni wa nyumba ile.

"Amwambieje? Baba amwombe radhi mwanawe? Enzi zile?"

Nilirudi Johannesburg na maneno hayo, nikakaa nayo nikitafuta pa kuyaweka. Siku ikaja yenyewe. Ilikuwa Jumapili, West Indies walikuwa kwenye televisheni sebuleni kwa Kaka Mbwana, na jirani yake Papa Kalala, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, amekuja kukaa nasi kwa ajili ya chai zaidi kuliko mchezo.

"Ni mchezo gani hii?" aliuliza, kama anavyouliza kila mara. "Bantu banasimama katikati, banaenda kukunywa chai!"

"Na wewe umefuata nini hapa?" kaka yangu akamjibu.

"Chai, ndugu yangu. Lakini mimi siitangaze ku televizyo."

Tukacheka. Mara mpira ukapaa, mchezaji wa West Indies akakimbia, akaufikia, ukamponyoka. Papa Kalala akashika kichwa. Jumaa akapiga kelele, "Eish! Hayibo!" kisha akarudia kulitazama tukio lile lile kwenye simu yake, wakati televisheni iko mbele yake. Kaka Mbwana akageukia dirisha. Tangu tuanze kutazama mechi pamoja huku kusini sijapata kumsikia akimlaumu aliyedondosha. Watu wakifoka, yeye hutazama mahali pengine, kama mtu anayeona jirani akipigwa.

Papa Kalala alipoaga, na Jumaa akatoka kwenda kucheza na wenzake, nikamweleza. Nikamweleza polepole na kwa mpangilio, chokaa, rangi ya mpira, chakula kilichokataliwa. Nilitaka apokee neno kwa neno. Niliamini namletea nafuu. Niliona kama nimebeba ufunguo kutoka Tanga hadi hapa, na kufuli lenyewe ni yeye.

Alikaa akiitazama mikono yake, yenye makovu ya sindano za makochi.

"Hapana," akasema. "Niliuona."

"Kaka?"

"Niliuona mpira, mdogo wangu. Chokaa haikunizuia. Niliuona vizuri mpaka mshono wake, ukaingia mkononi, ukatoka. Basi tu. Ilitokea." Akasugua kiganja kimoja kwa kingine. "Kumbe Mzee amebeba kosa ambalo halikuwepo."

Nilivikusanya vikombe vya chai.

"Na mimi miaka yote hii," akasema, "nilidhani anyamazia mikono yangu. Nilikuwa nikisubiri aseme chochote. Hata anitukane. Kumbe alikuwa akinyamazia ukuta." Akatikisa kichwa. "Ningemwambia tu, 'Baba, niliuona.' Maneno ya namna hiyo, si zaidi. Angekula chakula chake."

Kidude cha kuzimia televisheni kilikuwa juu ya goti lake. Nilidhani ataizima, kama Baba alivyokuwa akizima redio. Hakuizima. Alinikabidhi kile kidude, akatoka nje. Nikamfuata.

Barabarani Jumaa na wenzake walikuwa wakicheza. Kwao wiketi ni kreti la plastiki, ambalo halilii likigongwa, kwa hiyo kila wiketi ina ubishi wake na mashahidi wake na wakati mwingine video yake. Wanavaa viatu vyenye rangi zote za duka, na hawajui kabisa kupokea mpira. Wanaukamata kama wanaoshika panya. Na kweli, ukapaa mmoja, ukaja kwa Jumaa, akaugonga kwa viganja, ukadunda hadi miguuni mwa baba yake kwenye geti. Wenzake wakamzomea kwa Kizulu. Yeye akawa anacheka, akakimbia kuufuata, akamwona baba yake, kicheko kikapungua.

"Sorry, Baba."

Nilimwona Kaka Mbwana akiinama. Aliuokota mpira akaushika kifuani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Pole, mwanangu," akasema, kwa sauti ya kusikika hata na wale walio mbali. "Hata mimi uliwahi kuniponyoka. Shika, kacheze."

Akamrushia taratibu. Jumaa akaudaka vibaya, ila akaudaka, akarudi mchezoni, na nina hakika kabla hajafika kwenye kreti alikwisha kusahau. Hao ndio watoto wa siku hizi. Mikono yao haina mafunzo, wanasema kila kinachowajia mdomoni, na kosa halilali nao. Enzi zetu tulikuwa na mikono ya kupokelea yai bila kulipasua. Siku ile ya mechi Baba yetu alikuwa hatua chache kutoka kwa mwanawe, kando ya ukuta, na ndoo yake, na hakuzivuka nyasi zilizowatenga. Leo mmoja yuko udongoni Tanga na mwingine yuko kwenye geti Malvern, akitazama watoto wakicheza, na nyasi zile bado ziko kati yao.