Neno Moja katika Barua ya Baba

Baba alirudi kutoka kiwandani mchana, saa ambayo hakuwa na kawaida ya kurudi, akaiweka barua juu ya daftari langu. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kidato cha tatu, na mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa Kiingereza wa nyumba yetu katika laini za nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, Kericho.

"Soma hapa tu, nyathina," akasema, akiniita mwanawe kwa Kijaluo, kidole kikiwa chini ya neno moja: "terminal".

Alilijua. Mwenzake wa chumba cha kuchekecha majani aliambiwa hospitalini kwamba ugonjwa wake ni "terminal", na hakumaliza mwezi. Baba naye, kwa kikohozi chake, alikuwa amepigwa picha ya kifua wiki iliyopita, na majibu alikuwa hajapewa.

Jirani yetu Mkipsigis, aliyetuletea maziwa, akachungulia.

"Kwani nyinyi watu wa ziwa, hata kufa lazima mwandikiwe kwa Kizungu? Mzee, hiyo ni stendi ya mabasi. Unapelekwa safari!"

Baba hakucheka.

Nikafungua kamusi ya shule. Neno lilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya mpaka, au jiwe la mpaka. Chini yake nikakuta stendi inayomaliza safari, ugonjwa usiopona, na chipukizi la ncha ya tawi. Hilo la chipukizi nikamsomea Mama.

"Si ndilo tunachuma kila siku?" akashangaa. "Na mti haufi. Unatoa mengine pembeni."

"Achana na mti," Baba akasema. "Mimi je?"

Ndipo nikamwomba aondoe mkono, nikaona neno lililofuata: "leave". Ilikuwa likizo ya mwisho kabla ya kustaafu. Mstari wa chini ulitaja siku ya kurudisha ufunguo wa nyumba.

"Kwa hivyo siumwi?"

"Barua haitaji kifua, Baba. Inataja kazi na nyumba."

Asubuhi iliyofuata alienda zahanati kuuliza mwenyewe. Ni vumbi la majani, wakamwambia. Akiondoka kiwandani kikohozi kitapungua. Alirudi akipiga mluzi, akasimama mlangoni, akaupima kwa shubiri. Kisha akaingia chumbani kupima kitanda. Fundi alikiundia humo humo ndani kabla sijazaliwa, na hakikuwahi kutoka.

Akarudi kuupima mlango tena, polepole. Mluzi ulikuwa umekwisha.

"Jirani," akaita, "una msumeno?"