Kilichotutoa Nje Jumapili Ile

Mimi hufundisha falsafa ya maadili katika chuo kimoja katikati ya jiji. Mdogo wangu ni mwanasaikolojia, ofisi yake iko Kilimani. Jumapili moja alikuja kwangu Riruta, na kama kawaida tukaanza kubishana jikoni tukikata mboga za sukuma. Nilishikilia kwamba mtu hutenda mema kwa sababu akili yake inaujua wajibu. Yeye akacheka.

"Wajibu gani, dada? Mwili huamua kwanza. Akili inakuja nyuma kutafuta sababu."

Hatukufika mbali. Mwanamke alipiga nduru uani. Kuchungulia, tukamwona jirani, fundi wa kuchomelea vyuma, amemburuta mkewe kwa nywele hadi kwenye tangi la maji, anamtandika kwa mpini wa jembe. Mgongoni, kichwani, popote. Wapangaji walisimama milangoni wakitazama. Pigo moja lilitua kwenye mkono wa yule mama, nikasikia mfupa ukivunjika.

Mdogo wangu alinyakua sufuria ya maharagwe yaliyokuwa yakichemka, akatoka mbio, akammwagia yule mwanamume mabegani. Alipiga yowe, mpini ukamponyoka. Mimi niliyekuwa nyuma nikauokota, nikamchapa nao gotini. Akaanguka. Mdogo wangu akamvamia kwa mateke ya uso, tena na tena, hadi meno yakatoka na damu.

"Mwache! Ameshaanguka!"

Nilimkamata kiuno nikamvuta. Alinipiga kiwiko cha mdomo. Sikumwachilia.

Hapo mkewe, mkono mmoja ukining'inia, aliokota jiwe kwa ule mzima, akampasua mdogo wangu kipaji cha uso.

"Mnaniulia baba watoto!"

Ndipo majirani walipokuja kututenganisha.

Hospitalini, mdogo wangu akishonwa, nilimwambia, "Umeona? Hasira ilikutoa nje, lakini akili ndiyo iliyokuzuia usiue."

"Akili yangu haikunizuia. Ni wewe. Na wewe uliona damu ukachafukwa na roho, basi."

"Nilijua ni makosa kumpiga mtu aliye chini."

"Ulijua saa ngapi, dada? Kabla ya kunishika ama baadaye?"

Nilikumbuka mikono yangu kiunoni mwake. Kuamua sikukumbuka.

Yule mama alikuwa kwenye benchi, mkono ukiwa umefungwa plasta. Mdogo wangu alipomaliza kushonwa alienda kuketi kando yake.

"Pole kwa jiwe," mama akasema, bila kumtazama.

"Pole kwa mkono."

"Sijui kwa nini nilikupiga."

"Hata mimi sijui," mdogo wangu akasema, machozi yakimtoka, yeye ambaye kazi yake ni kujua.

Jioni ile tulimpeleka yule mama na watoto wake kwa dadake Kinoo. Hakurudi tena. Mumewe bado ni jirani yangu. Tukikutana langoni huinamisha kichwa na kunipisha, nami bado sijajua kama ni majuto au ni woga.