Jiwe la Pili la Kasonde

Saa moja na nusu asubuhi, Kasonde Mutale ameshasimama mara ya nne. Anaketi mbele ya mashine ya kusagia, anainuka, anafuta mikono isiyo na tone la maji, anaketi tena. Katika maabara ya mawe ya chuo kikuu, eneo la Kasapa, Lubumbashi, bwana huyu wa miaka arobaini na sita hajawahi kutulia, na leo ndiyo kabisa.

Mbele yake kuna jiwe jeusi, dogo kama kipande cha sabuni. Ndani yake, anasema Bi Kapinga, mtafiti aliyelileta, mna shina lililogeuka jiwe, la mmea wa jamii ya mimea ya kwanza kuhama majini ikaishi nchi kavu, kabla dunia haijaona mti hata mmoja. Kazi ya Kasonde ni kulikata kipande, kukigandisha kwenye kioo na kukisaga kiwe chembamba kuliko ganda la kitunguu, mwanga upite.

Mawe yalikuwa mawili. La kwanza alilimaliza wiki iliyopita, lote.

Kosa lenyewe ni la mtu wa shaba. Miaka kumi na moja alisugua mawe ya migodi kule Kambove, na huko jiwe liking'aa, kazi imekwisha, mkubwa anafurahi. Basi na hili akalisugua ling'ae. Kila kipande alichokata, shina lilisagika likaondoka na tope.

"Niliona sura yangu mu jiwe, nikafurahi," anasema bila kumtazama mtu. "Kumbe niko namwanga ile mumea mu maji."

Kapinga hakugomba. Alimkabidhi tu jiwe la pili, na hilo linamtafuna Kasonde mpaka leo. Nyumbani, mtaa uitwao Kenya papa hapa mjini, mkewe Brigitte hana huruma: "Bantu bote ba Lubumbashi beko natafuta shaba. We uko nakonda juu ya majani!"

Sasa Kasonde anasaga kipande cha jiwe la pili. Anainua kioo dirishani, anasaga tena. Umeme unakatika, mara ya tatu wiki hii. Anaendelea kwa mkono, kwa unga wa kusagia na maji. Jasho linamtiririka.

"Papa Kasonde, bado kidogo," anasema Kapinga, aliyesimama kando yake.

"Hapana, maman. Imetosha. Tukiongeza, itaenda."

Kipande kingali kimefifia, hakina mng'ao wowote. Kapinga anakiweka chini ya hadubini, anageuza kioo cha kuakisi mwanga kielekee jua, anainama. Anakaa hivyo muda mrefu mno. Kasonde anazunguka meza.

"Kuya, papa. Angalia."

Anaangalia. Katikati ya shina kuna uzi mweusi: mrija, anaelezwa, uliopandisha maji mmea usimame wima. Kasonde anacheka, kisha machozi yanamtoka, wala hayafichi.

Kapinga ameshaichukua nusu ya jiwe iliyobaki. Anataka kipande cha pili, leo leo. Kasonde anaitoa mkononi mwake taratibu.

"Hii tuache, maman. Kutakuya bantu beko na mikono ya muzuri kupita yangu, na mashini ya muzuri. Bakute kintu."

Anasema atamwandikia mkuu wa idara barua, jiwe lifungiwe lisiguswe. Tangu aajiriwe hapa hajawahi kuomba chochote.

Kapinga analipokea jiwe. Anafungua droo, analiweka ndani, anafunga, na ufunguo anampa Kasonde.