Miwani Mbili Juu ya Lenzi

Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikipandisha ng'ombe wa watu, kuanzia Katangi hadi kule Masinga karibu na bwawa, na nimepigwa mateke ya kutosha. Lakini hakuna ng'ombe aliyewahi kunihangaisha kama miwani yangu mwenyewe.

Kazi yangu, kwa asiyeijua, ni ya mrija na glavu ndefu. Mkulima anapiga simu asubuhi kusema ng'ombe wake yuko kwenye joto, nami nafunga mtungi wa mbegu za fahali nyuma ya pikipiki, navaa koti na helmeti, naenda. Watu huniita ndakitali, yaani daktari kwa Kikamba. Mimi si daktari, ni mpandishaji tu, ila nilichoka kuwasahihisha. Na lazima nifike kwa wakati, kwa sababu joto la ng'ombe likishapita, mwenye ng'ombe anakaa wiki tatu akikunung'unikia.

Macho yangu yaliacha kuona mbali nikiwa kidato cha pili. Bila miwani, kitu cheupe kilicho hatua ishirini mbele yangu kinaweza kuwa mbuzi, gunia la unga, au padri. Kwa hiyo miwani haitoki usoni. Shida ni kwamba helmeti nayo haikubali kukaa na mtu mwingine. Kila asubuhi nilikuwa naivua miwani, naishika kwa meno, navuta helmeti mpaka masikio yanakunjika, kisha nairudisha miwani kwa kuipenyeza pembeni, mguu mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeingiza barua chini ya mlango. Kufikia mchana nina alama mbili nyekundu juu ya masikio na kichwa kinaniuma.

Hiyo ningeweza kuivumilia. Ukungu ndio ulionishinda. Miezi ya baridi, nikipumua ndani ya helmeti miwani inageuka maziwa. Nikizuia pumzi naona vizuri, lakini mtu atazuia pumzi mpaka lini?

Asubuhi moja ya Julai nilikuwa nimembeba mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, nimwache shuleni kwake kabla sijaendelea na kazi. Kulikuwa na manyunyu. Mbele yetu nikaona mama mnene amesimama kando ya barabara, amejifunga leso ya kijani kichwani. Nikapunguza mwendo, nikainua mkono, nikamwamkia kwa heshima zote. Tukampita. Mume wangu akanisemesha karibu na sikio.

"Mama watoto, limeitikia?"

"Nini?"

"Hilo gunia la makaa."

Alicheka mpaka tulipofika kwenye lango la shule, na wakati wa mapumziko ya chai nadhani walimu wote walicheka. Jumamosi iliyofuata nikaenda Machakos mjini kupima macho.

Aliyenihudumia alikuwa msichana wa rika la binti yangu, mwenye kucha fupi safi na sauti ya taratibu. Nikamweleza kuhusu helmeti, ukungu na gunia. Hakucheka, na nikampenda kwa hilo. Akaniambia kuna lenzi laini zinazokaa juu ya jicho lenyewe, na kwamba waendesha pikipiki wengine huzipenda.

"Zitakuonyesha mpaka pembeni, na helmeti itaingia bila vita," alisema. "Lakini zina masharti. Upepo unazikausha, kwa hivyo kioo cha helmeti kifungwe ukiwa barabarani. Vumbi likiingia chini ya lenzi utanitukana. Kabla ya kuzigusa unaosha mikono na sabuni na kuikausha. Usizioshe na maji ya mfereji, na usijaribu kuzilowesha na mate. Na popote unapoenda, beba miwani yako. Pia, kwa vile umepita arobaini, kusoma vitu vya karibu kutakusumbua kidogo."

Mimi nilisikia "kidogo" tu.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Naingiza mkono ndani ya ng'ombe."

Akaiweka lenzi chini polepole.

"Mikono yote miwili?"

"Mmoja tu. Wa kushoto."

Akafikiri. "Basi hizi utavaa na wa kulia. Na huo wa kulia pia uoshe."

Kuzivaa kulinichukua nusu saa na machozi mengi. Kila kidole kilipokaribia, jicho lilijifunga kama duka lililoona askari wa kanjo. Msichana alinishika kope, akaniambia nitazame juu, nitazame dari, nisitazame kidole. Hatimaye ya kwanza ikakaa, kisha ya pili, na nilipoinua kichwa niliona ukuta wa pili wa chumba ukiwa na ufa ambao labda hata wenyewe hawakuujua. Nikazilipia siku hiyo hiyo.

Jumatatu nilitoka nyumbani nikiwa mtu mwingine. Helmeti iliteleza kichwani mara moja, masikio yakabaki yamenyooka. Barabarani niliona kila kitu: uwanda wa juu wa Yatta umelala kama meza ndefu, mbuzi aliyekuwa mbuzi kweli, na kwa pembe ya jicho boda boda aliyetaka kunipita upande wa kushoto. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiitazama dunia kupitia madirisha mawili madogo, na sasa mtu alikuwa ameondoa ukuta mzima. Nilikuwa naimba ndani ya helmeti. Niliwaamkia watu wengi, na wote walikuwa watu.

Mteja wangu wa kwanza siku hiyo alikuwa mama mmoja mjane, mwenye zaidi ya miaka sitini, anayekaa nje kidogo ya soko la Katangi. Nilikuwa nimemhudumia miaka minane. Alikuwa amepiga simu alfajiri kwamba mtamba wake, ambaye hajawahi kuzaa, ameanza kulia na kuwapanda wenzake. Nilifika, nikavua helmeti, nikabisha. Akaja hadi kwenye lango na kunitazama kupitia nafasi ya mbao.

"Unatafuta nani?"

"Mwaitu, mama yangu, ni mimi. Umenipigia asubuhi."

"Nimepigia ndakitali."

"Ndiyo mimi ndakitali."

Akanikagua kutoka juu hadi chini. "Ndakitali iko na miwani. Na uso yake si kubwa hivi."

Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa nina uso mkubwa. Nikamwonyesha mtungi, nikamwonyesha pikipiki. Akasema pikipiki zinafanana, na kwamba wiki iliyopita jirani yake alipoteza mbuzi watatu kwa mtu aliyevaa koti kama langu. Nikamkumbusha ng'ombe aliyemzaa huyo mtamba, na siku niliyokunywa uji kwake.

"Sauti ni yake," alijiambia mwenyewe. "Lakini hiyo uso, hapana."

Sikuwa na la kufanya. Nikatoa miwani kwenye begi, nikaivaa juu ya lenzi zangu.

"Aiya!" alipiga makofi. "Kumbe ni wewe! Sasa ulikuwa unajificha nini? Ingia, ingia. Na usitoe tena, hata hiyo mtamba inaweza kukukataa."

Nikaogopa kumwudhi, nikabaki nayo. Mtu ambaye hajawahi kuvaa miwani kali juu ya lenzi kali hawezi kujua ninachosema. Kuku walikuwa wadogo kama vifaranga. Ardhi ilikuwa imeshuka chini sana, nami nilikuwa nainyoosha miguu kuitafuta kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nikakanyaga karai la maji ya kuku, likaniloweshea mguu hadi kwenye soksi. Mama akageuka.

"Umekunywa kitu, ndakitali?"

"Hapana, mwaitu. Ni usingizi."

Tulipofika kwa mtamba niliitoa miwani kwa ujanja, nikijifanya naipangusa, nikaiweka mfukoni. Mtamba alikuwa tayari amefungiwa katikati ya mbao, ametulia. Nikafungua mtungi, moshi baridi ukapanda, nikachomoa mrija mmoja, nikautumbukiza kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu, nikahesabu sekunde, nikautoa na kuukausha.

Sasa, mrija wenyewe ni mwembamba kuliko kijiti cha wino wa biro, na maandishi yake yameandikwa kwa ajili ya sisimizi. Ndani ya mtungi nilikuwa na mbegu za fahali wawili, na mirija yao ilikuwa ya rangi moja. Mmoja anazaa ndama wakubwa, anafaa kwa ng'ombe aliyekomaa. Mwingine anazaa ndama wadogo, na huyo peke yake ndiye wa mtamba. Ukikosea, miezi tisa baadaye unaitwa kuvuta ndama kwa kamba huku mwenye ng'ombe analia.

Siku zote, nikitaka kusoma mrija, nilikuwa naipandisha miwani kwenye paji la uso, nausogeza mrija karibu na pua, na herufi zinajitokeza zenyewe. Mkono wangu ukapanda hadi usoni kwa mazoea. Hakukuwa na kitu cha kupandisha. Nikausogeza mrija karibu: ukungu. Nikaunyoosha mkono mbali: ukungu. Nikarudi nyuma hatua moja, kana kwamba mkono ungebaki pale pale. "Kidogo" ya yule msichana ndiyo hiyo ilikuwa imefika. Na mbegu ikishayeyuka haingoji mazungumzo, nami nilikuwa nimeanza kuubembeleza mrija.

"Mbona unaongea na hiyo kitu?" mama aliuliza.

Nikakiri yote kwa pumzi moja: lenzi, helmeti, fahali wawili, macho yanayoona hadi Yatta lakini hayaoni kidole. Mama akafungua fundo la leso yake, akatoa miwani ya kusomea, ile inayouzwa sokoni kwenye ubao, yenye mguu mmoja uliofungwa kwa uzi mweusi.

"Weka hii. Mimi nasoma nayo Biblia."

Nikaivaa. Herufi zikatulia mahali pake, wazi kabisa, jina refu la fahali kama la askofu wa kigeni. Alikuwa yule wa ndama wadogo. Karibu nimkumbatie mtamba. Nikaingiza mrija kwenye kifaa, nikavaa glavu, nikamaliza kazi kabla hata mtamba hajajua nimefika.

Nilipokuwa nanawa, mama alipokea miwani yake, akaifunga tena kwenye leso, akaniuliza kwa upole, kama anayeuliza habari ya mgonjwa:

"Kwa hivyo umetoa miwani yako ndio uje uvae yangu?"

Nikaomba uji.

Nilikuwa nimebakiza ng'ombe mmoja, upande wa Masinga. Jua lilikuwa limepanda, helmeti imekuwa tanuri, nikafungua kioo kidogo tu, upana wa vidole viwili. Hapo hapo lori la mchanga likanipita kwa kasi. Sikuhisi vumbi likiingia; nilihisi kama mtu amenichoma mwiba kwenye jicho la kulia. Jicho likajifunga, la kushoto likajifunga kwa kumhurumia mwenzake, na kwa muda mfupi nilikuwa naendesha pikipiki kwa kumbukumbu.

Nilisimama kando ya barabara. Nilikuwa na sabuni na maji kwa sababu ya kazi, nikanawa mara mbili, nikakausha vidole kwa tishu, nikaitoa lenzi. Niliiona ikimetameta ncha ya kidole, ndogo na safi, na ndipo upepo ukaipeperusha kuelekea shamba la pojo. Sikuitafuta. Nilitoa na ya kushoto, nikavaa miwani yangu, nikakaa juu ya jiwe mpaka jicho likaacha kulia. Ng'ombe wa Masinga nilimfikia nikiwa na masikio yaliyokunjika, na mwenyewe alinitambua mara moja.

Mume wangu alitegemea ningetoa hukumu jioni hiyo. Sikutoa. Nilirudi kwa yule msichana, nikamsimulia yote, naye akacheka, safari hii hata yeye hakuweza kujizuia. Tukazungumza kama watu wazima. Lenzi nimebaki nazo kwa safari za lami, mikutano ya Machakos na harusi, siku ambazo sina mrija wa kusoma. Kwa kazi ya vijijini akanitafutia miwani ya fremu nyepesi, yenye miguu iliyonyooka isiyojipinda nyuma ya sikio.

Kisha nikaenda kutafuta helmeti ya kufunguka mbele yote, ambayo mtu anaivaa kwanza, anavaa miwani, halafu anaishusha sehemu ya taya. Muuzaji alinitolea ya kwanza, nikaivaa na miwani, nikatikisa kichwa, nikapumua kwa nguvu mara kumi kuona kama kioo kitafanya ukungu. Akanitolea ya pili, ya tatu, ya sita. Wateja wengine waliingia, wakanunua, wakaondoka, mimi bado nahema pale kwenye kioo kama mbwa aliyekimbia.

"Mama," hatimaye muuzaji akasema, "unanunua helmeti ama unaitafutia bwana?"

Nilichukua ya saba. Ni nyekundu, ni nzito kidogo, na inanibana kwenye mashavu. Nadhani yule mama wa Katangi alisema kweli kuhusu uso wangu.