Siku Akina Mama Walipovutana Kamba na Watu wa Kwari

Msiniambie nitulie, sitatulia. Mimi Gathoni nauza chai kando ya kwari ya mawe hapa Chepseon, na mdomo wangu watu wanaujua, kwa hivyo niacheni niwasimulie habari za Kipkosgei kabla wengine hawajaziharibu. Mikono yangu bado imechubuka na kamba, na kila nikiitazama nacheka peke yangu jikoni.

Kipkosgei ni fundi wa mawe. Alianza na nyundo na tindo akiwa kijana, na mashine ya kukata mawe ilipoletwa, yeye ndiye aliishika wa kwanza. Nyumba nyingi za mji huu zimejengwa kwa mawe yake, hata kihoteli changu cha chai. Ni mtu mrefu, mcheshi, mabega mapana, na hajawahi kuniachia kikombe bila kunitania kwamba chai yangu ni maji ya moto yenye haya.

Jioni alikuwa anatoka kazini mweupe kuanzia kope mpaka viatu. Anakaa kwenye benchi, na kabla hajagusa chai anafungua kibuyu cha mursik, yale maziwa ya Wakipsigis ya kugandishwa, alichofungashiwa na mkewe, Tecla. Anakunywa yote. Wenzake vilevile. Ati wanaosha kifua! Watu wa kwari wanaamini yale makaa yanayopakwa ndani ya kibuyu yanashika vumbi na kulishusha. Ukimwambia mtu afunike pua vizuri, anakucheka. Ukimwambia amwagie jiwe maji wakati wa kukata, anasema maji yanaleta matope na kuchelewesha kazi, na isitoshe, maziwa si yapo? Nilibishana nao mpaka koo likanikauka. Wakaniuliza Mkikuyu atawafundisha nini kuhusu mursik. Nikawamiminia chai yao, lakini nilikuwa nimewaka.

Basi Kipkosgei akaanza kukohoa. Mwanzoni kidogo, baadaye akawa anasimama katikati ya mlima akijifanya anaangalia majani chai ya watu. Tecla akamwongezea kibuyu cha pili. Kikohozi hakikusikia. Mwishowe Tecla alimkokota mpaka hospitali, akapigwa picha ya kifua, na Kipkosgei aliporudi alikuja moja kwa moja kwenye benchi yangu, hakunitania.

Alinieleza pole pole. Vumbi la mawe limeacha makovu kwenye mapafu, na hakuna dawa ya kuyaondoa. Alichoweza kufanya ni kuacha kulivuta, ili mambo yasizidi kuharibika upesi. Alimuuliza daktari kuhusu mursik. Yule daktari ni Mkipsigis mwenzake, na hakumcheka hata kidogo. Alimwambia, "Ndugu yangu, maziwa yanaenda tumboni. Vumbi lilifuata njia nyingine."

Haki nililia, mimi na ujeuri wangu wote.

Akaacha kwari. Sasa nani akachukua ile mashine? Kipkurui, mdogo wake wa kumfuata, aliyeoa juzi tu, akaacha kuchuma majani chai kwa ajili ya mawe. Nilipomwona akipita na kibuyu mkononi, moyo ulinipasuka. Kipkosgei alimfuata nyumbani, akamsihi, akamwonyesha ile picha ya kifua. Kipkurui alimsikiliza kwa heshima, akasema labda kaka yake hakuwa anakunywa ya kutosha. Wale wengine wa kwari wakasema Kipkosgei amechoka kazi na anatafuta wa kuchoka naye.

Hapo ndipo Kipkosgei alifanya jambo ambalo sitasahau. Kanisani huwa tuna siku ya michezo, na watu wa kwari ndio mabingwa wa kuvuta kamba, hawajawahi kushindwa na mtu. Jumapili, baada ya matangazo, alisimama akaomba nafasi. Akasema mwaka huu wavutane na akina mama wanaochuma majani chai. Wanaume wakishinda, yeye atafunga mdomo wake na atarudi kwenye mashine. Wakishindwa, hakuna jiwe litakalokatwa kavu tena pale kwari, na kila mtu atafunika pua kwa kitu cha maana. Wanaume walicheka mpaka wakashikilia viti. Walikubali mbele ya mchungaji. Tecla alikuwa ameinamisha kichwa, kwa sababu alijua kurudi kwenye ile mashine kungemmaliza mumewe.

Mimi sichumi majani chai, lakini nilijiandikisha kwa nguvu. Kipkosgei alitufanyisha mazoezi nyuma ya kituo cha kupimia majani, na mafunzo yake yalikuwa mafupi. "Msivute," alisema. "Shikeni tu. Kaeni kwenye miguu yenu, muwaache wao wavute." Akatueleza kwamba wale watu wana mikono, lakini hawana pumzi, ni vile tu hakuna aliyewahi kuwapima. Na mwanamke anayeshinda mlimani na kikapu mgongoni, miguu yake haiondoki mahali kirahisi.

Siku yenyewe uwanja ulijaa mpaka kwenye ua. Walikuwa wamechora mstari wa majivu katikati. Kipkosgei ndiye mwamuzi, na sheria ilikuwa moja, mchezo hauishi mpaka filimbi ya mwisho. Akainua mkono, akaushusha, na kimeumana.

Wacha wee, wale watu wana nguvu! Mvuto wa kwanza ulinipeleka mpaka karibu na majivu, nikaona mwisho wangu. Nyuma yangu Tecla alikuwa ananguruma kwa Kikipsigis, maneno ambayo siyajui lakini niliyaelewa yote. Tukakaa kwenye miguu. Wakavuta tena, tukakaa. Watu wanapiga kelele, jasho linaingia machoni, na mimi najiambia Gathoni ukiachilia hii kamba leo umemuua mtu.

Halafu nikasikia mmoja wao akikohoa. Akafuata mwingine. Kamba ikaanza kutetemeka upande wao, na nyuso zao zikabadilika, wanaume wazima wamefungua midomo wakitafuta hewa. Kipkosgei akatuangalia, akaitikia kwa kichwa mara moja, na tukavuta. Walikuja kama ng'ombe waliokubali kwenda dipu kuogeshwa dawa. Walivuka mstari wakaanguka kwenye nyasi, mmoja juu ya mwingine, wakikohoa, na aliyeanguka hakuinuka.

Nilitaka kuruka, nilitaka kupiga vigelegele mpaka Kipkelion isikie. Lakini filimbi ilikuwa haijalia, kwa hivyo tulibaki tumeishika ile kamba.

Kipkosgei akaweka filimbi mdomoni. Mashavu yakajaa. Ikatoka hewa tu, bila sauti, halafu kikohozi kikamkunja. Akajaribu tena. Wale waliokuwa wamelala chini wakageuza vichwa kumwangalia.

Upande wao alibaki mtu mmoja tu amesimama kwa miguu yake, Kipkurui, aliyekuwa mwisho kabisa wa kamba, kwa sababu vumbi lilikuwa halijamkaa kifuani. Alivuka majivu, akaichukua filimbi mkononi mwa kaka yake, akaipiga. Ililia kwa nguvu mpaka watoto wakaziba masikio.

Kipkosgei alimwekea mkono kifuani, akangoja kikohozi chake mwenyewe kipite. Akamwambia mbele yetu sote, "Mimi siwezi tena kufanya hivyo. Wewe bado unaweza."

 Jumatatu asubuhi, kabla sijachemsha chai, nilimwona Kipkurui anavuta mpira wa maji kutoka mtoni kwenda kwenye mashine, na wenzake wakimsaidia kuunyoosha.