Mama mkwe anamwita nyoka wangu kwa jina la marehemu mzee

Admin, ficha jina langu na hata picha ya profaili usiweke, maana huku Mweiga watu wanakujua hadi kwa rangi ya ng'ombe wako.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, niko na msichana mmoja wa miaka minne. Bwanangu anaendesha lori la mifugo upande wa Doldol, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Tunaishi boma moja na mama yake. Kabla niolewe nilifanya kazi miaka mingi mahali fulani karibu na Nanyuki ambapo wageni walikuwa wanakuja kuona nyoka. Nilianza kwa kufagia, nikaishia kuwalisha na kuwashika. Hapo mahali palipofungwa nilibeba wawili nikaja nao. Kibali sina. Najua mtanitusi. Tusini, mkimaliza mnisaidie.

Hawa si nyoka wa kuua mtu. Ni wadogo, wa kijivu, mdomo mweupe, wanakula vyura. Sumu yao ni kidogo na meno yenyewe yako nyuma kabisa ya mdomo. Mimi wameniuma mara tatu, nikavimba siku mbili nikapona. Bwanangu alikubali kwa sharti moja, mama yake asijue. Nikawaweka kwa stoo nyuma ya magunia ya viazi, nikatia kufuli, nikamwambia mama mkwe humo ndani kuna dawa kali ya kunyunyizia viazi, asiwahi kuingia.

Shida ilikuja na baridi. Stima ilipotea siku mbili, balbu ya kuwapasha joto ikazima, nikaona watakufa. Nikawatia kwa ndoo, nikafunika na gunia, nikaiweka karibu na moto jikoni kisha nikaenda kukamua. Hapo ndipo nilikosea. Kurudi napata gunia limeingia ndani upande mmoja, nyoka mmoja amepandia hapo akatoka. Yule aliyebaki nilimpeleka mtoni siku hiyo hiyo. Huyo mwingine nilimtafuta wiki nzima, chini ya vitanda, ndani ya viatu, hadi kwa kuni.

Siku ya nane mama mkwe akaniita kwake. Tangu mzee wake aanguke shambani mwaka jana na kufa hapo hapo, huyu mama alikuwa amekuwa mtu wa kukaa tu, hali, haongei. Siku hiyo uso ulikuwa unang'aa. Akaniambia nisimame mlangoni nisipige kelele. Chini ya kiti cha mzee, nyoka wangu amejikunja, na mbele yake bakuli ya maziwa.

"Msalimie baba mkwe wako," akasema. "Amekuja kutuona."

Kwa wale hamjui, wazee wetu wa kitambo nyoka akiingia nyumbani hawakuwa wanamuua. Walimmwagia maziwa aende kwa amani, maana huenda ni mtu wa familia aliyetangulia. Sasa huyu mama hataki aende. Anamwita kwa jina la mzee, kwa mtoto anamwita guka, yaani babu, na anamwambia habari za boma. Anakula, anacheka, presha imeshuka. Hata kanisani ameacha kwenda ndio asimwache peke yake, kwa hivyo mimi sipati nafasi ya kuingia nimshike. Maziwa yenyewe ni paka anakunywa, nyoka hata hanywi maziwa, lakini hiyo ningemwambia nani?

Nilimkataza mtoto kwenda kwa cucu, nyanya yake. Nilisema ana homa, nikasema ana nguo chafu, mwisho nikaishiwa uongo. Jumanne nikiwa kwa mfereji alikuja ameficha mkono nyuma. Akaniambia, "Mama, guka ameniuma, lakini cucu amesema nisilie."

Mtu mzima najua anavyovimba, lakini mtoto wa kilo kumi na nne sijui, sijawahi kuona. Nilimbeba kwa bodaboda hadi hospitali Nyeri nikiangalia kidole kikinona, halafu mkono wote. Daktari nilimvuta pembeni nikamwambia kila kitu. Alinitazama vile sitasahau. Walimlaza hadi kesho yake, uvimbe ukashuka, daktari akaniambia nimtoe huyo nyoka ama nimtoe mtoto.

Kufika nyumbani napata mama mkwe anaimba. Mtoto wangu amepewa jina la huyu cucu yake, kama desturi, na mzee alikuwa akimwita "mke wangu" kwa mzaha, vile guka wote hufanya. Sasa mama anasema huko kuumwa ni mzee amemsalimia mke wake. Ati mtoto ahamie kwake kabisa, alale huko. Jumamosi ameita ukoo wote waje wachinje mbuzi.

Nilimpigia bwanangu. Akasema, "Ukifungua mdomo, watasema ndio huyo alimuua baba. Mimi sitaweza kukutetea." Na ni kweli watasema. Mwanamke akipatikana alikuwa anafuga nyoka kwa stoo, na mzee alikufa ghafla, huku kwetu hakuna mtu atauliza kama sumu ni kidogo. Nilishaona nyumba ya mama mmoja ikichomwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nikikimbia na mtoto pia, watauliza ninakimbia nini.

Leo asubuhi nikimsuka nywele, mtoto ameniuliza guka anashikwa wapi ndio asiume tena. Nilikuwa nimeshaweka vidole nyuma ya shingo yake nimuonyeshe, kabla nishtuke ni nini nafanya.

Watu wangu, Jumamosi ni kesho kutwa. Nisimame mbele ya ukoo niseme, ama ninyamaze mtoto wangu alale huko? Nawaomba, mtu aniambie.