Internet ya cyber yetu Ndosho ilikuwa inakufa kila asubuhi isiyo na upepo, mpaka binamu yangu aliposhuka kwenye shimo la jenereta

Wakuu, salamu kutoka Goma. Mimi ni mwanafunzi, bado nanyolewa nywele kwa amri ya prefe, mkuu wetu wa shule, na nyumbani wananiita Radio kwa sababu sizimiki.

Najua nyuzi zangu zote zilizopita zilikuwa za kuchekesha watu. Huu siyo wa aina hiyo. Mkinikuta na uongo hata mstari mmoja, moderator anifungie akaunti, sitakata rufaa.

Ni habari ya binamu yangu Bahati na asubuhi ambayo nusura tumpoteze kwa sababu ya internet. Mji huu una njia nyingi za kumaliza mtu, lakini internet haikuwa kwenye orodha yangu.

Bahati alishuka kutoka milima ya Masisi wakati vita ilipowasukuma, akafikia kwetu. Ni mkubwa kwangu, amemaliza shule, na anasomea mtihani wa cheti cha networking. Mimi namwita Injinia ili kumchokoza. Huyu mtu anagawa subnet hata akiwa usingizini. Mara moja alikosea hesabu akiwa amelala, nikamsahihisha, akaamka na hasira.

Nyumbani hatuna internet ya maana, kwa hiyo anasomea kwenye cyber ya Mama Noella, mama ambaye sauti yake haihitaji antena. Makubaliano yao ni mepesi: Bahati aangalie mtandao usilale, naye apate meza ya kusomea. Mimi shule naingia zamu ya mchana, basi asubuhi namfuata kule. Nasema nakwenda kumsaidia. Ukweli ni kwamba kuna Wi-Fi.

Sasa tatizo.

Internet ilianza kufa asubuhi. Siyo kila asubuhi. Inakaa siku kadhaa vizuri, halafu siku moja inakata mapema, inakaa kimya, na karibu saa nne inarudi yenyewe kama mtu aliyekwenda sokoni.

Bahati akafurahi, wakuu. Alikuwa amesoma kurasa na kurasa za troubleshooting bila kupata ugonjwa wa kutibu. Akafungua laptop, akaanza kutoka juu kwenda chini. Akakagua DNS, anwani za IP, switch, akabadilisha cable. Akanikagua na mimi pia, kwa sababu siku za nyuma nilikuwa nimebadilisha jina la Wi-Fi likasomeka "Marehemu Yuko Hewani", na wateja wawili wakakataa kuingiza password.

Akabadilisha password ya router ili nisiiguse. Asubuhi tulivu iliyofuata, ikakata tena.

Nilikuwa nimekaa pembeni yake anapiga ping kwenye antena iliyoko kwenye mti wa chuma kule nyuma ya uwanja. Kwenye skrini antena inaitika. Inaitika. Inaitika. Halafu haiitiki. Router ya ndani inaishi, maana ina betri yake. Laptop zinaishi. Lakini kule nyuma, kitu kinachoitika kila sekunde kiliacha kuitika, na nje hakuna jani lililotikisika.

Nikamwambia Injinia, mtandao huu unakufa siku ambazo moshi wa volkano umesimama wima.

Hapa kwetu Nyiragongo iko juu ya vichwa vyetu, unauona moshi wake ukitoka tu nje. Siku ya upepo moshi unalala upande. Siku isiyo na upepo unasimama kama nguzo. Nilikuwa nimeona kwamba siku za nguzo ndizo siku zetu za msiba. Nilisema kwa utani. Bahati akaniambia niandike kwenye ripoti: chanzo cha tatizo, mlima. Tukacheka wote wawili.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja, ninyi wa Dar na Nairobi.

Courant, yaani umeme wa mji, kwa Mama Noella inafika karibu saa nne asubuhi. Kabla ya hapo antena inakula umeme wa jenereta, ambayo sisi tunaita groupe. Na groupe Goma ina tabia moja: ikisikika sana, inapata wageni. Wageni wa aina ambayo uwaambie karibu au usiwaambie, ni ile ile, wanatoka nayo.

Kwa hiyo watu wanaficha. Mama Noella aliificha yake nyuma ya uwanja, kwenye shimo. Ndosho iko juu ya mawe meusi ya volkano. Huwezi kuchimba, unatafuta shimo ambalo mlima ulishakuchimbia. Hilo lilikuwa linafika kifuani mwa mtu mzima. Tulipokuwa wadogo tulijificha humo tukicheza.

Akaishusha groupe humo, akafunika shimo na bache, yaani turubai, akafunga kamba pembe zote na kuweka mawe juu. Waya wa kuwashia akauvuta mpaka mlangoni kwake. Mafuta yanaingia kwa mpira kutoka juu, moshi unatoka nje kwa bomba. Sauti ikapungua kabisa. Mtaani kila mtu alimsifu kwa akili hiyo, na mimi pia.

Tangu bache iwekwe, hakuna mtu aliyekuwa ameshuka humo. Aliyeshuka ni paka wa cyber peke yake, ambaye alipenda kulala kwenye joto la groupe. Huyo tulikuwa hatujamwona siku mbili tatu. Bahati alisema paka ana mambo yake.

Basi, asubuhi yenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha, ikaacha. Hewa imesimama. Moshi wa mlima, nguzo. Wateja wamejaa ndani, wanafunzi wa chuo wanataka kutuma kazi zao, na antena ikakata. Mama Noella akamwambia Bahati kwa upole, upole ambao ni mbaya kuliko kelele, kwamba kama asubuhi ni za kulala, meza ile anaweza kumpa mtu mwingine.

Bahati akaniambia tumebakiza layer ya kwanza tu, tuufuate waya wenyewe. Tukaufuata kutoka kwenye antena mpaka kwenye bache. Akaweka kichwa, akasikiliza. Groupe ilikuwa kimya. Nikajaribu waya wa mlangoni, haikuwaka. Kumbe kila siku ya namna hiyo ilizimika yenyewe, na courant ilipofika ikaamsha antena, sisi tukadhani internet imejiponya.

Kitu kingine nilichokisikia ni kwamba hapakuwa na kitu cha kusikia. Hata inzi. Juu ya bache kulikuwa na njiwa wawili wamelala ubavu, karibu na mahali bache ilipopasuka. Nikasema hawa wamekufa kwa kungoja internet. Bahati hakucheka.

Akafungua pembe moja, akashuka, na begi lake mgongoni. Hilo begi lina laptop, na halishuki mgongoni mwake, hata chooni linaingia. Akasimama kule ndani, kichwa na mabega nje. Akasema miguu inapata joto.

Akataka mwanga. Simu yangu ilikuwa imezima, nikatoa mfukoni karatasi ya maswali ya mazoezi aliyonipa, ambayo nilikuwa nimekosa karibu yote, nikaiwasha kwa kiberiti cha gesi nikampa. Nikamwambia hii ndiyo faida yake ya kwanza.

Akaishusha ili aone buji, ile plagi ya kuwashia groupe.

Ilipofika kwenye mkanda wa suruali yake, ikazimika.

Wakuu, moto ukipigwa na upepo unapigana kidogo. Huu haukupigana. Ulifumba tu, kama jicho. Na moshi wake haukupanda. Ulitanda ukakaa pale, bapa, ukamzunguka kiunoni kama kitambaa juu ya meza. Bahati alionekana kama mtu aliyesimama ndani ya ziwa ambalo halina maji.

Akasema kiberiti changu ni kibovu. Nikawasha karatasi ya pili. Ikazimika pale pale, kama imekatwa na wembe.

Ndipo nikamwona paka. Alikuwa chini kabisa pembeni ya groupe, amejikunja kama kawaida yake, mkia puani. Nikamwita. Paka yule ukimwita hata akiwa amelala, sikio linacheza. Sikio halikucheza.

Kila mtoto wa Goma amefundishwa neno moja kabla ya kujua kusoma: mazuku. Ni hewa inayotoka ardhini, nzito, haina rangi, inakaa kwenye mabonde na mashimo kama maji. Mbuzi anaingia, hatoki. Lakini sisi tunajua sehemu zake, kule upande wa ziwa, zina alama, watu wanapita mbali. Hakuna aliyefikiria shimo tulilochezea.

Nikasema, "Yaya, usiiname."

Mimi simwiti yaya, yaani kaka mkubwa. Heshima hiyo nilikuwa sijawahi kumpa, hata siku ya Mwaka Mpya. Aliniangalia kidogo. Halafu akasema, "Acha michezo, Radio. Batu banangoja."

Akainama kushika kamba ya kuvutia groupe.

Nilingoja ainuke.

Hakuanguka, wakuu. Ningeelewa kama angeanguka. Alikaa. Polepole, mgongo ukashuka kwenye jiwe, magoti yakakunjika, mikono akaiweka mapajani. Kama mtu aliyetembea sana akapata kiti. Moshi wa karatasi ukajifunga juu ya kichwa chake, ukawa bapa tena.

Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari ndani ya shimo. Hilo nalisema bila aibu. Hakuna mtu anayeona ndugu yake vile halafu akaanza kukumbuka mafundisho.

Mkono ukanishika shati kutoka nyuma. Mama Noella alikuwa amekuja kuuliza internet. Alitazama njiwa, akatazama shimo, hakuuliza tena.

"Mutu ingine akiingia, batu mbili banabakia mule," akasema. "Lala chini. Funga pumuzi."

Nikalala kifudifudi ukingoni. Akanikalia miguuni, na siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa kila kilo aliyompa. Nikavuta hewa, nikafunga mdomo, nikashusha kichwa na mikono humo ndani. Kulikuwa na joto la kupendeza, kama chini ya blanketi. Macho yakaanza kuwasha. Nikapapasa nikapata mkanda wa begi lake.

Nikavuta. Akaja kidogo, akarudi. Nikatoka, nikapumua, nikashuka tena. Mama aliita, wateja wakaja wakashika miguu yangu na kiuno changu, tukawa kama watu wanaovuta ng'ombe aliyezama kwenye tope. Bahati akatoka na begi likitangulia, midomo yake ina rangi ambayo sitaki kuieleza.

Mama Noella alimpiga kofi, akampepea na kitenge, akampiga tena huku anamwita kwa jina lake lote, na la baba yake, na la kilima chao. Ilichukua muda. Katika muda huo mimi sikusema neno, na mama yangu mpaka leo anasema hiyo ndiyo sehemu ya hadithi asiyoiamini.

Halafu akakohoa.

Tukakata kamba, tukaondoa bache yote. Baadaye mwalimu wetu wa fizikia alitueleza vizuri: hewa ile labda ilikuwa inatoka humo siku zote, kidogo kidogo, na upepo unaifagia. Sisi tukaifunikia. Siku yenye upepo, hewa safi bado ilipenya kwenye nafasi za bache, groupe ikapumua. Siku tulivu shimo lilijaa, na groupe ilikufa mapema kabla ya mtu yeyote, kwa sababu yenyewe ndiyo iliyokuwa chini kabisa.

Ilikuwa inatuambia kila wiki. Sisi tukawa tunabadilisha DNS.

Sasa groupe iko juu ya paa la stoo, inapiga kelele mtaa mzima. Mama Noella anasema wageni wakija, waje, afadhali waibebe hiyo kuliko sisi kubeba mtu. Shimo tumelizungushia mawe na kitambaa chekundu, na watoto tumewafukuza mpaka wamenichukia. Bahati alipona baada ya siku kadhaa za kuumwa kichwa, akafanya mtihani wake, akafaulu. Meza ni yake.

Nilichojifunza, wakuu. Tatizo likiwa na siku zake maalumu, usiulize kwanza ni kifaa gani kimeharibika. Uliza kitu gani kingine kinatokea siku hizo. Na mtu akilala ndani ya shimo, usimfuate. Lala ukingoni, vuta. Nyumbani kwetu hata watoto wa chekechea wanalijua hili, na bado mguu wangu ulikuwa ndani.

Jambo moja tu ndilo linanisumbua.

Nilimwuliza Bahati alisikia nini mule. Anasema hakuna kilichomuuma. Anabisha kabisa kwamba hakuzimia. Anasema aliamua mwenyewe kukaa kidogo, apumzike, halafu awashe groupe. Anasema alinisikia nikimwita, na sauti yangu ilikuwa karibu sana, pale pembeni yake chini, inamwambia asogee tukae wawili.

Mimi nilikuwa juu, na neno nililosema ni moja tu, asiiname.

Basi karibuni mchangie. Wa Goma, wa Sake, wataalamu wa hewa, mnaosomea mtihani, hata wa kunitukana. Ila kama kuna mtu humu aliyewahi kutolewa kwenye mazuku, naomba aandike alisikia nini, na kilikuwa na sauti ya nani.